Rola ya Bungoma, Maji ya Kitale

Ninyi wawili mliopokea stoo yangu mmenipigia simu mara tatu kuuliza kwa nini upande wa kusini wa kiwanja namba moja ni mgumu kama sakafu, na upande wa kaskazini unashika maji siku nzima. Mara zote nimewajibu kwamba nitaandika. Basi naandika. Nimestaafu, nina muda wa kutosha, na ng'ombe wangu hawapendi mazungumzo marefu. Msitarajie habari za vyeo, kwa sababu mtunza kiwanja cha tenisi hapandi. Kazi yake iko chini na inabaki chini. Nitawaeleza kazi yenyewe, na mechi moja niliyoitunzia kiwanja nikiwa karibu kuondoka.

Klabuni Kitale niliajiriwa kwanza jikoni. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, wakalima mahindi, na mimi nilizoea jembe kuliko vyombo vya kaure. Wiki mbili hazikuisha kabla mpishi hajanishika mkono na kunipeleka mwenyewe hadi kiwanjani, akiniomba kwa upole nisirudi karibu na vikombe vyake. Huko nilimkuta Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, amesimama na rola ya chuma ambayo ungedhani haiwezi kuvutwa na mtu mmoja. Alinitazama mikono. Uso hakuutazama kabisa.

"Wewe unaweza vuta hii lola?"

"Nimevuta punda amegoma, mzee. Hii si inazunguka?"

"Haya. Vua viatu."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa siku ya kwanza. Kumbe hakuwa na mzaha hata kidogo. Alinitembeza kiwanja kizima nikiwa miguu mitupu, mstari hadi mstari, akiniuliza ni wapi udongo una maji na ni wapi umekauka. Kila nilipokosea alinirudisha mwanzo. Kisha akachukua mpira, akauachia kutoka begani, akanionyesha unaporuka: hapa magotini, pale mapajani. Nilirudi nyumbani jioni ile na nyayo nyekundu ambazo sabuni haikuzitoa mpaka Jumapili, nikaenda nazo kanisani hivyo hivyo.

Sehemu kubwa ya mafunzo yake ninaweza kuwapa kwa kifupi. Udongo ukivutwa rola sana na kuachwa ukauke, mpira hauinuki. Unateleza chini kwa kasi. Ukiumwagilia maji na kuacha vumbi laini juu, mpira unakaa, unapanda polepole, unamsubiri mtu. Sasa mtazameni mchezaji. Mrefu mwenye mkono mzito, ambaye mpira wake wa kuanzia, ule tunaouita savu, unamaliza kazi kabla hujapepesa macho, huyo anataka pagumu. Mfupi mwenye miguu, anayerudisha kila kitu mpaka mwenzake achoke, anataka palaini. Mzee Barasa alisema hivi: "Watu wanaona laketi. Wewe angalia mguu na chini ya mguu."

Baada ya miaka sita alirudi kwao. Klabu ya Bungoma ilikuwa imetengeneza kiwanja chake cha udongo na ikamtaka, naye alichoka kukaa mbali na wajukuu. Nikabaki na viwanja viwili, rola, pipa la maji, gunia la kukokota ili kusawazisha vumbi, na chokaa ya mistari. Sikujua kwamba tangu siku hiyo mwalimu wangu angekuwa mpinzani wangu.

Kila mwaka klabu zetu mbili hushindania kikombe, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Mtunza kiwanja wa wenyeji ndiye anayekiandaa. Mtunza wa wageni ana haki moja tu: asubuhi ya mechi anavua viatu, anatembea kiwanja chote, anasema anachotaka, kisha anapewa chai. Haruhusiwi kugusa kitu. Mara ya kwanza nilipoenda Bungoma kutembea kwenye kiwanja cha Mzee Barasa, nilikisifu kwa dhati. Mara ya pili, Nekesa alikuwa ameshaanza kuchezea Bungoma, na nilipokanyaga nilihisi nipo barabarani.

Nekesa ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kabuchai, binti wa familia ya wakulima wa miwa. Ni mrefu kuliko kaka zake wote, na mabega yake yalipata nguvu kwenye kupakia miwa, si kwenye mazoezi ya klabu. Akirusha mpira juu ili aanzishe, watu wanaokaa nyuma ya wavu wa uzio wanasogeza viti. Hakupenda kukimbia. Alikuwa na goti lililomsumbua, na pia, kama alivyoniambia mwenyewe akicheka, alikuwa anakimbia kutosha darasani.

Wa kwetu alikuwa Zuhura. Duka la mama yake la leso na vitenge liko karibu na msikiti wa mjini, na Zuhura alikulia kwenye ukumbi wa duka hilo akiupiga mpira ukutani mpaka majirani wakalalamika. Ni mdogo wa umbo, anatumia mkono wa kushoto, na hucheza na suruali ndefu na hijabu iliyobanwa kwa pini. Akikimbia utafikiri wako wawili. Mpira ambao wewe umeshauhesabu kuwa umekufa, yeye anaurudisha, tena na tena, mpaka mwenzake akasirike na kuupiga nje. Lakini savu yake! Ilikuwa ya upole mno. Ungeweza kuweka kikombe cha chai chini, ukafuta mdomo, ndipo ukaipokea.

Watu hawa wawili walipendeza kutazamwa kwa sababu kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake hakuwa nacho. Nekesa alitaka pointi iishe kwa mapigo mawili. Zuhura aliitaka ifike ishirini. Mmoja akicheza mchezo wake, mwingine hawezi kucheza wake, na hapo ndipo uhondo ulipokuwa. Miaka minane walikutana fainali. Mechi ikiwa Bungoma alishinda Nekesa, ikiwa Kitale alishinda Zuhura, kila mara, bila kukosa.

Ninyi ni watu wa kazi, kwa hiyo mmeshaelewa. Ndiyo, nilimwagilia. Hakuna aliyenituma. Mechi ikiwa kwetu, siku mbili kabla niliongeza mapipa ya maji, nikakaa bila kugusa rola, nikamtengenezea Zuhura kiwanja kama anavyotengenezewa mtoto uji. Na mzee wangu kule Bungoma alivuta rola mpaka kiwanja kikang'aa. Hatukuwahi kulisema. Asubuhi ya mechi alikuja, akavua viatu, akatumbukiza kidole gumba kwenye udongo wangu, akaniambia, "Mvua imenyesha huku, Wambui?" Nikamjibu kwamba imenyesha kidogo. Jua lilikuwa linawaka kama kawaida ya Januari. Akaomba chai.

Nekesa naye alikuwa na ulimi. Akishindwa Kitale alikuwa anapita kwangu akivua viatu vilivyojaa tope: "Mama, mwaka huu mmenichezesha kwa shamba ya mchele. Next time niletee jembe." Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilijua ukweli.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, fainali ilikuwa Kitale. Miezi miwili kabla, Zuhura aliniomba ndoo ya mipira iliyochakaa, akawa anakuja alfajiri baada ya swala na kuipiga peke yake kiwanja namba mbili. Sikumfuatilia. Nilidhani anajiandaa kumpokea Nekesa. Kisha siku moja baada ya alasiri alikuja akaketi juu ya rola yangu, jambo ambalo sijawahi kumruhusu mtu mwingine.

"Mama Njeri," akaniita kwa jina la mwanangu, "nikuulize kitu na usinikasirikie."

"Uliza."

"Mimi ni mchezaji, ama mimi ni maji yako?"

Gunia lilinitoka mkononi. Nilitaka kujifanya sielewi, lakini macho yake hayakuniruhusu.

"Watu wa duka wanasema," aliendelea. "Ati Nekesa ananishinda kwa sababu ya rola, na mimi namshinda kwa sababu ya paipu. Wanasema wakinunua leso, wakicheka. Mimi nacheka nao. Lakini nina miaka thelathini na tatu, Mama. Miguu yangu nitakuwa nayo mwaka mmoja, miwili. Nataka kujua kabla haijaniacha. Usinipikie kiwanja. Nikipigwa, wacha nipigwe."

Nilimwahidi. Alipoondoka niliketi pale kwenye rola kwa muda mrefu, na nawaambia wazi kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimempenda Zuhura kama binti yangu, na kwa miaka minane nilikuwa nimemnyima kitu alichokitaka kuliko kikombe, nikidhani namsaidia. Shida ya pili ilikuwa ya kitaalamu. Sikujua kutengeneza kiwanja kisichopendelea mtu. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Nikimwagilia kidogo, nilihisi bado ni cha Zuhura. Nikivuta rola, nilihisi namtafutia Nekesa ushindi. Siku tatu nilizunguka pale kama mtu aliyepoteza hereni.

Mwishowe nikampigia Mzee Barasa.

"Mzee, nimekwama. Msichana anataka kiwanja ya haki."

"Ata Nekesa ameniambia hivyo juzi," akasema. "Ameniambia, Mzee, mimi nimechoka kuambiwa ni lola inanishindia. Wambui, hawa watoto wametuaibisha."

"Tufanye nini?"

"Nakuja."

Alikuja siku moja kabla ya mechi, akifuatana na mjukuu wake wa kike aliyembebea mfuko, akashukia kwa dada yake mtaani. Tulibishana saa nzima kando ya kiwanja. Yeye aliona maji yangu ni mengi, mimi niliona rola yake ni nyingi, na kamati ya klabu ilipita ikatuacha. Ndipo tukakubaliana hivi: kila mmoja aandae upande mmoja, kama ajuavyo. Wachezaji wanabadilishana pande kila baada ya gemu mbili, kwa hiyo kila mmoja angeonja kote sawasawa. Mzee Barasa akachukua kaskazini, asubuhi. Mimi nikachukua kusini, mchana, yeye akiwa amekwenda kupumzika. Kwa heshima hatukukaguana. Kila mmoja alifunika upande wake kwa turubai akaenda zake.

Hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo halingefanywa na mtu ila sisi wawili. Asubuhi ya mechi tulifunua. Mzee alivua viatu akaingia upande wangu, nami nikaingia wake. Mguu wangu ulizama.

"Mzee! Umemwaga maji yote ya Kitale huku?"

"Na wewe? Hii ni sakafu ya benki!"

Kumbe tangu jana yake dhamiri ilikuwa inatusumbua sisi wote wawili. Mimi, nikikumbuka makosa yangu, niliona haki ni kumpa mgeni anachokipenda, nikavuta rola upande wa kusini mpaka mgongo ukalia, nikaukausha kabisa. Naye, kwa sababu hiyo hiyo, akalowesha wa kaskazini kwa ajili ya Zuhura. Mzee Barasa alicheka mpaka akaketi chini kwenye udongo mbichi, suruali ya mechi na yote, na mjukuu wake akaanza kumkung'uta akidhani amezimia. Mimi machozi yalinitoka. Refa, bwana mmoja mpole kutoka Eldoret, alikuja akauliza kama kuna tatizo, tukamwambia hakuna, kiwanja kiko tayari. Na ndiyo sababu, vijana wangu, upande wa kusini ni mgumu mpaka leo, na wa kaskazini, uliolegezwa na maji yale, bado unashika maji. Ukishaushindilia udongo namna ile hausahau upesi, itawabidi muufukue.

Watu walijaa. Bungoma walikuja na ngoma, Kitale walikuja na midomo. Kumbukeni kwamba mpira wa savu hutua upande wa anayepokea. Kwa hiyo Nekesa alipoanzisha akiwa kaskazini, savu yake ilitua kwenye ugumu wa kusini na kupita kama haikugusa chini. Zuhura aliitazama tu ikigonga wavu wa nyuma. Lakini Nekesa alipoanzisha kutoka kusini, mpira ulizama kwenye maji ya Mzee Barasa, ukapanda taratibu, na Zuhura akaupokea kwa furaha. Seti ya kwanza Nekesa alichukua sita kwa nne, na alichotushangaza si savu. Alikimbia! Mpira mfupi uliowekwa karibu na neti, ambao miaka yote alikuwa anausindikiza kwa macho, aliufuata na goti lake lile, akaufikia na kuurudisha. Mzee Barasa alinishika mkono akasema, "Umeona? Umeona huyo?"

Seti ya pili Zuhura alibadilika. Miaka yote alipokea savu ya Nekesa akiwa amesimama nyuma kabisa, karibu na wavu wa uzio. Sasa akasogea mbele, ndani ya mstari, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hasimami. Hakuzungusha mkono, aliweka raketi tu mbele ya mpira, nao ukarudi kwa kasi yake wenyewe. Wa kwanza ulikwenda nje. Wa pili ukagonga neti. Wa tatu ulirudi miguuni kwa Nekesa kabla hajamaliza kushuka kutoka kwenye savu yake. Nilisikia Kitale nzima ikivuta pumzi. Alichukua seti saba kwa tano.

Seti ya tatu sitaisimulia yote, kwa sababu nusu yake niliitazama kupitia vidole. Ilifika tano kwa nne, Zuhura mbele, na zamu ya kuanzisha ikawa yake. Alikuwa upande wa kaskazini, miguu kwenye tope. Nekesa alikuwa kusini, kwenye ugumu wangu. Arobaini kwa thelathini. Ilibaki pointi moja tu ashinde.

Nekesa alijua savu ya Zuhura kama anavyojua rejista ya darasa lake. Alipiga hatua mbili mbele kabisa ili aiponde. Kijana mmoja wa Bungoma akapaza sauti, "Maliza hiyo uji, Madam!" Watu wakacheka.

Zuhura akarusha mpira juu. Mkono wa kushoto ukapita pembeni yake, si juu yake, kwa namna ambayo sijawahi kumwona akifanya. Mpira haukuwa na nguvu nyingi. Ulikuja umejipinda, ukatua pembeni kabisa kwenye ule udongo nilioushindilia, na badala ya kupanda ukalala. Ukateleza chini, nje, mbali na Nekesa. Mtu mrefu hapendi mpira unaolala. Alijinyoosha kwa kadiri alivyojaaliwa, na raketi ikakata hewa.

Kelele zikazuka pande zote. "Ndani!" "Nje! Nje, refa!" Refa hakuona, Nekesa alikuwa amemziba. Akasimama kwenye kiti chake akaita mtunza kiwanja aje asome alama.

Mtunza kiwanja nilikuwa mimi.

Nilitembea kwenda pale na ufagio wangu wa mistari mkononi. Udongo unaweka alama ya kila mpira, nanyi mtaizoea: duara dogo, refu kidogo upande mmoja. Niliinama. Alama ilikuwa nje ya mstari karibu yote, lakini ukingo wake, upana wa ukucha, ulikuwa umekula chokaa. Mpira ulikuwa ndani. Niliuona waziwazi, na papo hapo nikajua kwamba hakuna mtu wa Bungoma atakayeniamini. Kwa nini aniamini? Miaka minane ya maji ilikuwa imesimama nyuma yangu. Nikisema ndani, Zuhura angebeba kikombe, na kesho yake dukani watu wangecheka kama zamani. Nilimwona kule ng'ambo, mikono miwili mdomoni, ananitazama mimi.

"Mama, hebu sogea," alisema Nekesa.

Nikasogea. Alichuchumaa kwa shida, kwa sababu ya goti, akaitazama alama kwa muda ambao uliniumiza. Akainuka. Kwenye viwanja vya udongo kuna desturi moja ambayo hata refa haigusi: mchezaji akiifuta alama mwenyewe, ameikubali, na hakuna wa kuipinga tena. Nekesa aliweka kiatu chake juu ya ile alama, akakizungusha mara mbili, mpaka pakabaki udongo mtupu.

"Zuhura!" akaita kwa sauti ya darasani. "Hiyo savu umeificha wapi miaka yote, bana?"

Zuhura alikuwa amepiga magoti kwenye tope, analia na kucheka kwa pamoja. Nekesa aliruka neti, naam, na goti lile, akaenda akamnyanyua kutoka chini, na Bungoma ndio waliokuwa wa kwanza kupiga makofi. Mimi nilibaki nimesimama pale kusini na ufagio mkononi, nalia mbele ya watu bila haya. Refa hakuniuliza tena, wala mtu yeyote. Ushindi wa Zuhura ulitoka kwenye mkono wake wa kushoto na kiatu cha Nekesa, na mimi sikuwa nimetia hata tone.